Barua ya Wazi kwa Waziri wa Leba: Kubishania Tiba Kumenigharimu Kuliko Tiba Yenyewe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

Nakala: Kamati za Leba za Bunge la Taifa na Seneti, Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, Mamlaka ya Kusimamia Bima.

KUH: GHARAMA ZA KUBISHANIA MATIBABU YA WALIOUMIA KAZINI CHINI YA WIBA (SHERIA YA MAFAO YA MAJERAHA YA KAZINI)

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu na heshima. Mimi ni mkata magunia. Kiwanda chetu kiko upande wa Jomvu, Mombasa, na kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mashine inayokata magunia ya plastiki kwa kipimo. Jumanne moja ya Februari mwaka jana, kisu cha mashine hiyo kilipita kwenye kiganja changu cha kulia kikakata kano za vidole viwili, cha kati na cha pete. Nilishonwa usiku uleule. Daktari aliyenishona sina neno naye hadi leo, na gharama ya upasuaji ililipwa bila kelele.

Kelele zilianza baadaye. Daktari yule aliandika kwamba kidonda kikianza kukauka nifanye mazoezi ya tiba ya viungo, yale ambayo sote twayaita fizio, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Alinieleza kwa lugha nyepesi: kano iliyoshonwa isipofundishwa mapema kuteleza, hushikana na kovu, na kidole hukakamaa. Vipindi 24, kila kimoja Ksh 1,500. Jumla Ksh 36,000. Kampuni ya bima ya mwajiri wangu ilijibu kwa barua ya mistari minne ya Kiingereza kwamba fizio hiyo haihitajiki kitabibu. Haikutiwa sahihi na daktari yeyote. Ilitiwa sahihi na karani wa madai.

Sitaitaja kampuni, wala bima, wala hospitali. Bado nafanya kazi palepale na nina watoto wawili. Isitoshe, kila niliyekaa naye kwenye benchi za kungojea alikuwa na hadithi kama yangu yenye nembo tofauti juu ya karatasi. Nimeandika barua tano kabla ya hii. Mwajiri alisema suala liko kwa bima. Bima ilisema mteja wake ni mwajiri, si mimi, kwa hiyo nizungumze na mwajiri. Ofisi moja niliyoelekezwa baada ya hapo iliniambia faili langu halijafika, kisha ikaniambia limefika ila aliyelipokea yuko likizo. Msimamizi wangu wa zamu, mtu mwema kabisa, alinishauri: mwenye nguvu mpishe. Nimempisha mwaka mzima, Mheshimiwa. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Nina daftari la shule, la kurasa 96, ambalo mwanangu hakulimaliza. Humo nimeandika kila shilingi iliyonitoka katika kubishania fizio. Si katika kutibiwa, katika kubishana tu. Kumwona daktari bingwa wa mifupa ili aseme kama fizio inahitajika: 3,000. Ripoti yake ya maandishi, kwa maana neno la mdomo halikubaliki: 6,000. Picha ya kuonyesha kano: 4,500. Eksirei mbili mpya alizotaka daktari wa bima, ingawa za zamani nilikuwa nazo mkononi: 3,000. Wakili kusoma karatasi zangu na kuandika barua moja: 10,000. Nauli za matatu kwenda mjini na kurudi, safari 23: 4,600. Kupiga chapa, kurudufu na kutuma: 1,850. Na siku 11 nilizokatwa mshahara kwa kukosa kazi, 700 kila siku: 7,700.

Jumla yake ni Ksh 40,650. Tiba yenyewe ilikuwa 36,000. Mshahara wangu ni 18,200 kwa mwezi.

Hapo kati nilijilipia vipindi vinne vya fizio, pesa zikakata. Siku hizi vidole vile viwili vinakunja nusu tu. Siwezi kusonga sima. Kukuna nazi anakuna binti yangu wa miaka 11, amekalia mbuzi baada ya kutoka shule, nami nimesimama pembeni namwelekeza kama bibi kizee.

Haya ndiyo ninayolalamikia.

1. Neno moja ndani ya kifungu cha 47

Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inasema mwajiri atalipa gharama za matibabu, upasuaji, hospitali, dawa, uuguzi, hata magongo na viungo vya bandia, mradi gharama hizo zimetumika kwa kiasi kinachofaa. Hilo "kinachofaa" ndilo uwanja wa vita. Siwalaumu walioliandika, bila neno kama hilo kuna mtu angedai kupelekwa Ulaya kwa sababu ya ukucha. Ila nani anaamua kinachofaa wakati daktari amesema hiki na karani amesema kile? Kwa jinsi mambo yanavyokwenda, anaamua aliyeshika hundi. Mwingine yeyote akitaka kumpinga, ajilipie.

2. Daktari wao hulipwa, wangu namlipa mimi

Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini.

Mwezi Mei bima ilinipeleka kwa daktari wake. Alinitazama kwa dakika tisa. Nazijua kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa chake na sikuwa na kingine cha kutazama. Akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja nilivyoweza. Akaniambia nifungue. Akaandika. Hakushika kidole hata kimoja, hakuuliza kazi yangu ni ipi, na picha ya kano niliyoilipia 4,500 ilibaki kwenye bahasha juu ya mapaja yangu. Nilipoomba nakala ya alichoandika, akasema ripoti ni mali ya aliyeilipia.

Tafadhali lipime jambo hilo. Ripoti inahusu mkono wangu, ndiyo iliyotumika kuninyima tiba, na mimi siruhusiwi kuisoma. Ibara ya 35 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo kwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake. Niliitaja ibara hiyo katika barua yangu ya tatu. Sikujibiwa.

Basi ili nipinge ripoti nisiyoiona, ilinibidi ninunue ya kwangu. Daktari bingwa niliyemwendea alikuwa mkweli: aliniambia ada yake ni ile, na kwamba akiitwa kutoa ushahidi popote atatoza nyingine. Simlaumu, naye anakula kwa kazi yake. Lakini tazama mizani ilivyo. Kwa bima, kumlipa daktari ni gharama ya biashara, sawa na karatasi na umeme. Kwangu, ripoti moja na ada ya kuonwa ni nusu ya mshahara wa mwezi. Aliye ndani ya ofisi anajua hivyo. Hana haja ya kuwa na hoja. Anahitaji tu kusema hapana kisha angoje nani atachoka kwanza.

Wengi niliokutana nao hawakuchoka, maana hawakuanza. Mmoja, kijana wa kupakia mizigo aliyeumia mgongo, aliniambia aliposikia bei ya kipimo cha MRI alicheka tu akaenda kununua dawa za maumivu dukani.

3. Kano haingoji

Bima imepewa siku 90 za kulipa dai la fidia likishawasilishwa kwake. Kwa fidia, huenda siku 90 zinavumilika. Lakini kano iliyoshonwa ina wiki 12 zake, na ukizihesabu, wiki 12 ni siku 84. Kufikia siku ambayo mtu wa ofisi angetakiwa kuwa ameamua kwa haraka yake ya kisheria, mkono umekwisha kuamua wenyewe. Mimi barua ya kunikatalia ilinifikia Machi, daktari wao nikamwona Mei. Sasa daktari bingwa anasema fizio peke yake haitoshi tena. Inabidi nipasuliwe upya ili kano ibanduliwe kwenye kovu.

4. Kukakamaa kunalipa kuliko kupona

Nje ya hospitali nyingi kuna mabroka wa madai. Mmoja alinifuata hadi kituo cha matatu. Nilipomweleza kuhusu fizio alishangaa kweli. "Mama, hiyo fizio ya nini? Uache mkono ukakamae kabisa, asilimia ipande." Alitaka theluthi ya kitakachopatikana.

Nilimfukuza, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na asilimia hiyo hupigwa kwenye mshahara wa miezi 96. Kwangu mimi asilimia moja ni Ksh 17,472. Ulemavu ukiongezeka asilimia tatu tu kwa kukosa fizio, ni Ksh 52,416. Yaani bima ilikataa kutoa 36,000 ili baadaye itoe zaidi, na katikati hapo mimi nipoteze mkono. Hata kwa jicho la mfanyabiashara hii ni hasara. Pengine anayeidhinisha matibabu na anayelipa ulemavu wameketi meza tofauti, na kila mmoja anasifiwa kwa meza yake.

5. Mlango tuliofungiwa

Sheria hii ilikuwa mapatano. Mfanyakazi hatamshtaki mwajiri mahakamani kudai fidia ya kuumia, kifungu cha 16 kinasema hivyo. Naye mwajiri atalipa bila kuulizana nani alikosa. Mawakili waliipinga kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake tarehe 3 Desemba 2019 na kuiacha isimame. Nimesoma hoja za pande zote mbili kadiri ya elimu yangu, na sioni kosa katika mapatano yenyewe. Njia ya kupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, anayeamua madai haya, ilikusudiwa kuwa rahisi na ya haraka kuliko kortini.

Tatizo ni kwamba upande wetu wa mapatano umetimizwa wote. Ukipinga uamuzi wa Mkurugenzi una siku 60. Yeye ana siku 14 za kujibu. Usiporidhika una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Sawa. Lakini ngazi hiyo huanzia kwenye uamuzi wa Mkurugenzi. "Hapana" iliyoandikwa na karani wa bima hutoka kabla ya ngazi yenyewe, na mtu huvuja damu akiwa bado anaitafuta. Ibara ya 48 ya Katiba inasema Serikali itahakikisha watu wote wanaifikia haki, na kwamba ada ikihitajika iwe ya kadiri, isimzuie mtu. Ksh 40,650 zimenizuia mimi.

Najua nitakayojibiwa, kwa hiyo niyajibu mapema.

Nitaambiwa wafanyakazi wengine husingizia. Ni kweli wapo. Tulikuwa na mmoja kiwandani aliyechechemea mbele ya meneja na kucheza mpira Jumapili, na sote tulimjua. Lakini kano iliyokatika haisingiziwi, inaonekana kwenye picha, na daktari wa kati, asiye wa bima wala wangu, angeimaliza shaka hiyo kwa siku moja. Mwenye kuogopa waongo ndiye angepaswa kumtaka zaidi daktari huyo.

Nitaambiwa niende hospitali ya umma. Nilikwenda. Wahudumu wa fizio ni wapole na bei ni nafuu, ila niliandikiwa miadi ya kila wiki tatu, kwa jinsi foleni ilivyo. Mara moja kwa wiki tatu si mara mbili kwa wiki. Nikafikiria bima ya afya ya SHA, ambayo nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Hospitali niliyoijaribu, mtu wa mapokezi aliposikia neno "kiwandani" alifunga faili: hiyo ni ya mwajiri wako. Basi mwajiri asema bima, bima yasema mwajiri, na hospitali nayo yasema mwajiri.

Nitaambiwa bei ya bima itapanda na wawekezaji wakimbie. Hesabu ya asilimia nimeshaionyesha hapo juu.

Na nitaambiwa hakuna nchi ambako bima ikikataa tiba ndiyo hulipia ubishi huo, kama ninavyotaka. Binamu yangu anatunza wazee huko Sacramento, California, na aliumia bega akimwinua mgonjwa. Kule tangu 2013 bima ikikataa tiba aliyoiandika daktari, mfanyakazi hujaza fomu, faili likapelekwa kwa daktari wa nje asiyejulikana kwa upande wowote, na gharama ya mapitio hayo hulipwa na mwajiri au bima yake. Mfanyakazi halipi hata senti. Binamu alinionya nisiwasifu mno: mara nyingi daktari huyo naye huishia kukubaliana na bima, na wafanyakazi wa kule wananung'unika kweli. Yeye mwenyewe alishindwa. Lakini alishindwa bila kuuza kitu. Jirani zetu Tanzania nao wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wa umma, tangu Julai 2015, unaochangiwa na waajiri. Hilo ni jambo kubwa na leo siliombi. Naomba madogo yafuatayo:

Kwanza, anayebisha alipe. Bima ikikataa tiba iliyoandikwa na daktari anayenitibu, iwe ndiyo ya kulipia maoni ya daktari wa tatu, pamoja na vipimo, ripoti na nauli yangu ya kwenda huko. Nikionekana mwongo, nikatwe kwenye fidia yangu baadaye. Nakubali masharti hayo.

Pili, daktari huyo asichaguliwe na bima wala na mimi. Atoke kwenye orodha ya Mkurugenzi, kwa zamu.

Tatu, bima ijibu ombi la matibabu ndani ya siku 7. Ikinyamaza, ihesabiwe imekubali. Na tiba ambayo daktari amesema ina muda wake iendelee huku watu wakibishana.

Nne, barua ya kukataa iandikwe sababu, iwe na sahihi ya daktari, iambatane na ripoti yake, na iwe pia kwa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba inaitambua lugha hii kuwa rasmi. Mwenzangu mmoja alikaa na barua ya kukataliwa wiki tano akidhani ni ya kukubaliwa.

Tano, kila mwaka ichapishwe idadi ya matibabu yaliyokataliwa, bima kwa bima. Sijaona njia nyingine ya kujua nani amegeuza "hapana" kuwa mtaji.

Mengi kati ya haya yanaweza kuwekwa kwenye kanuni, Mheshimiwa, na kanuni ziko mikononi mwako. Yatakayohitaji kubadilisha Sheria yenyewe, nimeanza kukusanya sahihi za ombi kwa Bunge chini ya Ibara ya 119. Tuko 61 hadi jana, wengine wametia dole gumba kwa sababu ile mikono yenyewe ndiyo iliyoumia.

Ombi la upasuaji wa pili lilipelekwa kwa bima wiki tatu zilizopita. Daktari ameandika kwamba fizio lazima ianze siku inayofuata upasuaji, la sivyo kano itashikana tena. Hakuna jibu mpaka sasa. Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari, na mstari wa kwanza ni nauli ya juzi, Ksh 200.

Afisa yeyote utakayemtuma kuliona daftari hilo anakaribishwa. Risiti zote zimebanwa humo kwa pini. Nimehamishiwa kuhesabu magunia zamu ya usiku, kwa hiyo mchana huwa nyumbani.

Wako mtiifu,
Mkata magunia wa Jomvu
Mombasa